Minyoo Wasioonekana na Turubai la Mpunga

Kisesa huamka mapema. Jua halijapanda, malori ya barabara ya Musoma yameshaanza kupiga honi. Ng'ombe wanalia zizini. Wanawake wanashuka kwenye majaruba ya mpunga, majembe begani, wakicheka na kusengenya kidogo. Zamani Odeta alikuwa akishuka nao kila siku. Sasa hapana. Sasa, kabla hajanywa hata chai, alikuwa akienda kwanza nyuma ya nyumba kutazama uyoga wake.

Aliulima katika nyumba ndogo ya udongo, yenye paa la nyasi. Zamani ndama walilala humo. Nyumba hiyo ilikuwa mali ya mumewe, Mayala, pamoja na kaka yake mkubwa, Shigela. Odeta aliwaomba msimu mzima. Mwishowe walimpa, lakini kwa shingo upande.

"Uyoga huokotwa porini mvua zikinyesha," Shigela alisema. "Nani aliwahi kuulima?"

"Mimi, shemeji," Odeta alijibu.

Odeta alijifunza kazi hiyo kwa kuuliza na kujaribu. Alikatakata mabua makavu ya mpunga. Aliyachemsha kwenye pipa. Yakipoa, aliyachanganya na mbegu za uyoga na kuyajaza kwenye mifuko ya nailoni. Mbegu za uyoga si kama za mahindi. Ni punje za mtama zilizoota utando mweupe. Utando huo hutambaa ndani ya mabua na kuyala, hadi mfuko wote unakuwa mweupe kama pamba. Baadaye uyoga hutokeza kwenye matundu ya mfuko.

Mkupuo wa kwanza wa mifuko ulimpa Odeta jina. Uyoga ulitoka mashada kwa mashada. Hoteli za mjini, Nyamagana, zilimpigia simu. Majirani walikuja kushangaa, naye akamwingiza kila mtu.

"Karibuni! Ingieni, mshike wenyewe!"

Wanawake waliingia na tope la majaruba miguuni. Wazee waliingia na fimbo zao za zizini. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyolelewa. Nani angemfungia mgeni mlango? Tena Odeta alipenda kusifiwa. Tusimlaumu. Mtu aliyefanya kazi nzuri asifiwe lini, akishakufa?

Lakini mkupuo wa pili ulikuwa hafifu. Na wa tatu ulikuwa aibu tupu.

Odeta aliinama mbele ya mifuko, asiamini macho yake. Utando ulikuwa umeanza vizuri, sasa ulikuwa unapotea. Palipokuwa peupe sasa palikuwa peusi. Mabua yalikuwa yamelowa na kulegea. Yalinuka vibaya. Uyoga ulitoka mmoja hapa, mmoja kule, mwembamba na wa manjano.

Nje alisikia sauti ya Shigela. Alikuwa akizungumza na Mayala, wala hakuwa ananong'ona.

"Mvua zinakuja. Ndama wangu wanataka pa kulala. Nyumba ile inakaa na vitu vinavyooza."

"Mama Nathaniel anajitahidi, kaka," Mayala alisema. Nathaniel ni mtoto wao wa kwanza, na kwa jina hilo Mayala alimwita mkewe siku zote.

"Haya. Mkupuo mmoja tena. Ukiharibika, ndama wanaingia."

Mayala hakubisha. Mdogo habishani na kaka yake.

Odeta alisimama pale pale ndani, mkono kiunoni. Aliumia. Lakini alikasirika zaidi, na hasira yake ilijua pa kwenda.

"Ni mbegu," alisema. "Yule binti ameniuzia mbegu mbovu!"

Alichukua mfuko mmoja ulioharibika, akaufunga ndani ya mfuko mwingine, akaenda mjini.

Fadhila alikuwa na chumba cha kutengenezea mbegu za uyoga pale Nyamagana, nyuma ya duka la vitambaa la baba yake. Alikuwa mwanamke kijana, mchangamfu, aliyesomea kilimo.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba. Lakini leo sikuja kwa salamu. Umeniuzia mbegu mbovu."

Fadhila hakukasirika. Alivuta kiti. "Kaa kwanza, mama yangu. Nionyeshe."

Alivaa glavu. Aliufungulia mfuko nje, uani, akanusa na kukunja uso.

"Utando ulianza kuota?" aliuliza.

"Uliota vizuri! Ulifika nusu ya mfuko. Kisha ukaanza kupungua, kama kuna mtu anakuja kuula."

"Basi si mbegu. Mbegu mbovu haioti kabisa. Na umesema kweli, mama. Kuna anayekuja kuula."

Fadhila alikamua tone la maji kutoka kwenye mabua. Aliliweka juu ya kipande cha kioo, akalitia kwenye hadubini, kile chombo cha kukuza vitu vidogo. "Chungulia."

Odeta alichungulia. Mwanzoni hakuona kitu. Kisha aliona nyuzi. Nyuzi zilikuwa zinajikunja, zinajinyoosha, zinapishana. Alirudi nyuma haraka.

"Mungu wangu! Wako hai!"

"Ni minyoo," Fadhila alisema. "Ni wadogo sana, macho matupu hayawapati. Ni ndugu wa wale wanaotia vinundu kwenye mizizi ya nyanya. Hawa wana mdomo kama sindano. Wanatoboa utando wa uyoga na kuufyonza. Utando ukifa, mabua yanaoza."

"Na sisi tuliokula uyoga ule?"

"Msiogope. Hawa si minyoo ya tumboni. Hawamdhuru mtu. Wanaua uyoga tu."

Odeta alichungulia tena. Halafu aliuliza swali la mtu mwenye akili. "Wamepitia wapi? Mimi mabua nayachemsha. Mvuke ukishafika juu ya pipa, nachochea moto kwa saa tatu nyingine. Sidanganyi."

"Nakuamini, mama. Moto kama huo unawaua. Basi wameingia baada ya moto. Wanaishi kwenye udongo, kwenye tope, kwenye maji yasiyo safi. Hawana miguu ya kutembea mbali. Wanabebwa."

"Na nani?"

"Hilo utalijua wewe. Nyumba ni yako."

Fadhila alimpa Odeta lenzi ndogo ya kuazima. Alimfundisha namna ya kuwatafuta. "Chukua kitu unachokishuku. Kifunge kwenye kitambaa chepesi. Kining'inize ndani ya glasi ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Kiache mpaka kesho yake. Kama wamo, watapita kwenye kitambaa na kuzama chini. Weka kitu cheusi nyuma ya glasi, utazame kwa lenzi. Utaona vijiuzi vyeupe vinacheza."

Odeta alirudi Kisesa na lenzi ile ndani ya mkoba, ameishika kama yai.

Alianza kazi siku iyo hiyo. Alichemsha pipa moja la mabua kama alivyozoea. Alichota kidogo moja kwa moja kutoka kwenye pipa, akatia kwenye glasi ya kwanza. Mabua yaliyobaki aliyamwaga yapoe juu ya turubai, kama siku zote. Yalipopoa, alichukua kidogo, akatia kwenye glasi ya pili. Ya tatu aliweka udongo wa sakafu ya nyumba ya uyoga. Ya nne aliweka maji ya lambo la ng'ombe, kwa sababu maji hayo ndiyo aliyokuwa akinyunyizia mifuko. Maji ya bomba yalikuwa ya kunywa na kupikia.

Mayala alizitazama glasi zile. "Mama Nathaniel, sasa umekuwa mganga?"

"Subiri," alisema Odeta.

Kesho yake alichukua lenzi. Glasi ya maji ya lambo ilikuwa na vijiuzi. Ya udongo wa sakafu ilikuwa navyo tele. Haya mawili hayakumshangaza sana. Glasi ya mabua kutoka kwenye pipa ilikuwa safi kabisa. Odeta alitabasamu. Kumbe moto wake ulifanya kazi!

Kisha alitazama ile ya mabua yaliyopoa kwenye turubai. Vijiuzi vilikuwa vinacheza chini ya glasi. Tabasamu likaisha.

Lile turubai lilikuwa la Mayala. Alipuria mpunga juu yake kila msimu. Kila Odeta alipolima uyoga, Mayala alimletea turubai mwenyewe, begani, kwa moyo safi. Hakuwa mume wa kukaa tu na kutazama. Sasa Odeta alipaswa kumwambia.

Mayala alikuwa mkulima wa mpunga, na alijua kwamba anajua. Huhitaji kumuuliza mtu wa namna hiyo. Anakuambia mwenyewe.

"Turubai langu?" alisema. "Turubai hili ni safi kuliko shuka! Mimi mwenyewe nalisuuza kabla sijakuletea."

"Unasuuzia wapi, Baba Nathaniel?"

"Kwenye mfereji wa jaruba. Tena maji yanayotembea!"

Odeta aliinua glasi ya pili. Alimpa lenzi tu. Mayala aliinama, akatazama. Alitazama muda mrefu. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Kumbe ni mimi niliyewaleta," alisema taratibu. "Nimewabeba begani."

"Ni wewe, na ni mimi. Nani alinyunyizia maji ya lambo? Nani aliwaingiza watu na tope miguuni?"

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mayala alisema. Kisha alipata wazo. "Ngoja! Tuna dawa ya kunyunyizia pamba. Nikiwapulizia leo, kesho hakuna hata mmoja."

"Wee! Usithubutu!"

Odeta alimpigia Fadhila simu hapo hapo, na Fadhila alikuja Kisesa kesho yake. Alizitazama glasi zote moja moja. Kisha alimpa Odeta mkono.

"Mama, hii ni kazi ya mtaalamu. Wengi wangeishia kulaumu mbegu."

"Nilianza kwa kulaumu," Odeta alisema, akacheka.

"Na dawa ya pamba?" Mayala aliuliza.

"Hapana, baba. Bwana mmoja wa kule Kamanga alifanya hivyo. Uyoga hunyonya kila unachoumwagia, na watu wanaula. Ilibidi atupe wote. Minyoo hawa hawafukuzwi kwa sumu. Wanafungiwa njia."

"Basi turubai nilianike juani. Jua letu hili litawakausha."

"Wakikauka hawafi wote, baba. Hujikunja na kulala. Wakipata maji, wanaamka tena."

Mayala alishika kichwa. "Viumbe hawa wana roho ngumu kuliko magugu."

Basi kazi ikaanza. Ilikuwa kazi kweli. Mifuko iliyoharibika waliitoa ikiwa imefungwa, bila kuifungulia ndani. Mabua yake waliyachemsha tena kwenye pipa, ndipo wakayamwaga mbali, shamba la chini. Zamani Odeta alikuwa anatupa mabua yaliyokwisha nyuma ya ukuta tu. Nzi walikuwa wanatua pale, kisha wanaingia ndani na uchafu miguuni mwao. Lundo lile nalo liliondolewa.

Walisugua kuta na kuzipaka chokaa. Sakafu ya udongo, ile waliyoikanyaga ndama miaka yote, waliikwangua na kumwaga zege. Madirisha yalipata wavu. Mayala alikata miti akatengeneza vichanja, ili mfuko wowote usiguse chini. Alivitengeneza vizuri mno. Akawa anawaita watu waje kuviona kupitia dirishani.

Turubai la mpunga lilirudi kwenye mpunga. Odeta alinunua nailoni mpya, nene. Aliitandika juu ya meza, wala si chini. Kila mara kabla ya kazi aliiosha kwa sabuni na maji ya moto. Nailoni ile haikuruhusiwa kufanya kazi nyingine yoyote, hata kufunika kuni wakati wa mvua. Maji ya kunyunyizia yakawa ya bomba. Asubuhi hizo Odeta aliwahi foleni kuliko wote.

Jambo gumu lilikuwa watu. Siku ya kujaza mifuko, majirani walikuja kusaidia kama desturi. Walitoka moja kwa moja kupalilia, tope hadi magotini. Odeta aliwapokea uani, ameshika ndoo na sabuni.

"Jamani, leo tunanawa kwanza. Mikono mpaka kwenye viwiko. Miguu pia."

Walitazamana. Mmoja aliguna. "Mama Nathaniel, sisi tumekuwa wachafu lini?"

Odeta aliona haya. Lakini aliona haya zaidi alipowaza ndama wakilala juu ya kazi yake. Alileta glasi na lenzi.

"Si ninyi. Ni tope la jaruba. Hata langu. Njoo uone."

Mwanamke yule alitazama. Alipiga kelele, akaikimbilia ndoo. Wengine walitazama kwa zamu, na sabuni ikaisha. Waliojaza mifuko walikuwa wachache, waliokwisha kunawa. Wengine walipika ugali na sato, wakaimba. Msaada ni msaada, hata jikoni.

Mlangoni Odeta aliweka karai lenye maji ya dawa ya kuulia vijidudu, na ndala za kuvalia ndani tu. Baada ya hapo alifunga mlango, akasubiri. Kusubiri kulimuumiza kuliko kukwangua sakafu. Kila asubuhi aliingia kuupima utando kwa macho. Utando ulifika robo ya mfuko. Ukafika nusu, pale pale ulipokuwa ukianza kupotea. Odeta alinusa. Haukunuka vibaya. Kesho yake ulikuwa umepita nusu. Mwishowe mifuko yote ilikuwa myeupe, juu hadi chini.

Kisha uyoga ukatoka. Jamani, ulitoka! Vichanja vya Mayala vilijaa. Mashada yalikuwa manene, meupe, yamepangana kama vyombo kabatini. Odeta alisimama katikati, akacheka peke yake.

Siku ile ya kuvuna, mawingu yalikuwa yametanda. Shigela alikuja. Alikuwa ametoka machungani, na mbele yake aliwaswaga ndama. Alikuwa amesubiri vya kutosha. Aliwaacha ndama uani, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa nyumba ya uyoga, tope miguuni na fimbo mkononi.

Mayala alikuwa mlangoni. Hakusogea.

"Shikamoo, kaka. Samahani. Nawa miguu kwanza, uvae ndala hizi. Na fimbo uiache nje."

Ndani, Odeta aliacha kuvuna. Katika ukoo ule hakuna aliyewahi kumzuia Shigela kwenye mlango wowote.

"Unanizuia mimi?" Shigela aliuliza. "Nyumba hii ni ya nani?"

Odeta alitega sikio. Alijua jibu ambalo mumewe alikuwa akilitoa siku zote. Ni yetu, kaka. Ni ya ukoo.

"Ni ya Odeta," Mayala alisema.

Alilitaja jina lake, si la mtoto. Alilitaja wazi, mbele ya kaka yake, kifua mbele, kama mtu anayetaja ng'ombe wake bora.

Shigela alimtazama mdogo wake. Alitazama ndoo ya maji. Kisha aliegemeza fimbo ukutani, akainama taratibu, akaanza kunawa miguu.

Aliingia. Alitembea kati ya vichanja. Alifika mwisho, akarudi. Alisimama mbele ya shada moja kubwa, mikono nyuma, akalitazama muda mrefu.

"Shemeji," alisema mwishowe, "hiki kitu umekilima wewe?"

"Nimekilima mimi, shemeji."

Shigela alitikisa kichwa kwa mshangao. Alitoka nje, akavua ndala, akazipanga vizuri mlangoni. Wakamsikia akimwita mdogo wake kwa sauti ile ile isiyojua kunong'ona.

"Mayala! Lete shoka. Tukakate miti. Hawa ndama wanataka nyumba yao kabla mvua haijanyesha."

Odeta alirudi kwenye mashada yake. Alikata shada la kwanza, kubwa kuliko yote, akalitenga kwa ajili ya mboga ya shemeji yake.